Nyayo za Mama Milango

Fomu kumi na moja zilifika ndani ya wiki moja, zote zikimpendekeza mtu yule yule, na hilo peke yake lilitosha kumfanya Karani aweke kikombe chini. Kila mwaka ofisi ya ustawi wa jamii iliwatunuku watu watatu waliojitolea kuwahudumia watoto na familia zenye dhiki, na kila mwaka kazi ya kuhakiki majina ilimwangukia yeye. Alikuwa na miaka kumi na miwili kwenye kiti kile. Wenzake walimwita Muhuri, kwa sababu hakugonga muhuri wa aina yoyote mpaka ajionee kwa macho yake. Walimtania kwamba hata siku ya kufa atamtaka malaika aonyeshe kwanza barua ya utambulisho.

Aliyependekezwa aliitwa Mama Milango. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke asiyeolewa, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alizunguka mitaa ya nyuma ya mji, mlango kwa mlango, na kibegi cha turubai begani. Hakuwa na shirika, hakuwa na ofisi. Akikuta mtoto wa miaka minane yuko nyumbani saa za shule, aliuliza kwa nini, na alikaa kizingitini mpaka apate jibu linaloeleweka. Wapo waliojificha chini ya kitanda waliposikia sauti yake. Hao hao baadaye ndio waliompelekea watoto wao awashike mkono siku ya kwanza ya darasa.

Swali la saba kwenye fomu liliuliza: mara ya mwisho aliwatembelea lini? Karani alipitisha kidole. Wiki iliyopita. Juzi. Alhamisi alasiri. Jumatatu alasiri. Hakuna jibu lililovuka wiki tatu nyuma.

"Safi kabisa," alisema mkuu wa ofisi, akirekebisha tai mbele ya kioo cha kabati. "Huyo ni mtu wa vitendo. Nenda kampe habari, mwambie Jumamosi ijayo aje ukumbini amependeza. Picha yake nataka niitundike hapa."

Karani akaenda na dereva wa ofisi, mtu mzima mwenye maneno mengi, ambaye gari lake lilikuwa bovu kila mahali isipokuwa honi. Walielekezwa kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo wa saruji. Mlango ulifunguliwa na msichana wa miaka ishirini hivi, aliyekonda, mikono yake ikinuka sabuni.

"Namtafuta Mama Milango," alisema Karani. "Nina habari njema."

Msichana alisogea kando. "Ni mama mkubwa wangu. Ingia umwone, lakini hawezi kukujibu."

Mama Milango alikuwa amelala chali kitandani karibu na dirisha, shuka limefika kifuani, mikono imewekwa juu yake kama vitu vya mtu mwingine. Upande wa kulia wa uso ulikuwa umeporomoka. Macho yalikuwa wazi na yanaona, kwani yalimfuata Karani kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda.

"Amepata kiharusi lini?" Karani aliuliza kwa sauti ya chini.

"Miezi minane sasa. Hajakanyaga chini tangu siku hiyo. Mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemlisha, ninayemwosha."

Karani alizifungua fomu mapajani, akazifunga tena. Kumbe zote uongo. Kumi na moja! Alijisikia kama mtu aliyechotwa akili na mtaa mzima, akaaga haraka huku masikio yakimwaka moto. Mlangoni yule mpwa alimshika mkono kidogo, kama anayetaka kusema jambo, kisha akauachia.

Kesho yake asubuhi aliamua kuwashika waongo mmoja mmoja. Alianza na fundi wa kuchomelea vyuma, mjane mwenye mapacha wa kike, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja uliojaa mageti ambayo hayajakamilika. Fundi alizima mashine, akainua kinga ya uso.

"Umeandika hapa Alhamisi alasiri," Karani alisema, kalamu mkononi. "Mama Milango alikuja hapa Alhamisi?"

"Alikuja. Alisimama pale." Fundi alionyesha sehemu wazi kati ya mageti mawili. "Aliniambia nimpeleke Doto wangu hospitali, sikio lake linaoza kwa ndani. Nikasema mtoto halalamiki. Akasema, 'Halalamiki kwa kuwa anaona umechoka.' Nikampeleka jioni ile ile. Daktari alitoa usaha mpaka nikaona aibu."

"Fundi, Mama Milango hatembei. Nimemwona jana kwa macho yangu."

Fundi alichezea kinga yake, akiifungua na kuifunga. "Nilimwambia asikanyage pale," alisema polepole, "kwa sababu ya vipande vya chuma. Alikuwa pekupeku. Hakunisikiliza."

Nyumba ya pili alikuwepo bibi mmoja aliyelea wajukuu watano kwenye chumba kilichogawanywa kwa pazia. Alikuwa akishona kifungo cha sare ya shule, na hakuacha kushona Karani alipotoa maneno yake makali kuhusu watu wanaodanganya serikali.

"Tunajua yuko kitandani," bibi alisema. "Sisi ndio tuliombeba siku alipoanguka. Sasa akija mlangoni kwangu, mwanangu, nitafanyaje? Nimfukuze?"

Karani alishusha kalamu.

"Anakuja mchana kweupe, kama zamani. Anauliza watoto wamekula, wamesoma, yule mdogo bado anakojoa kitandani? Ukimwambia keti, haketi. Ukimpa maji, anayaangalia tu. Na kila akija amepungua kidogo." Bibi aliukata uzi kwa meno. "Unadhani tulijaza fomu zenu kwa ajili ya kikombe cha kioo? Tulijaza ili mtu aje aone. Amechoka yule. Mtu amwambie apumzike. Sisi tulijaribu, hasikii."

Jua lilikuwa kali, na barabara imejaa watu wenye shughuli zao, lakini Karani alirudi garini akitembea kama mtu anayepita kwenye maji. Dereva alimwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, twende tena kule kwa mgonjwa.

Safari hii mpwa hakungoja kuulizwa. Alimwingiza jikoni, akafungua kopo la majani ya chai na kulimimina juu ya sahani. Ndani hapakuwa na chai. Palikuwa na kokoto, udongo mwekundu uliokauka, jani lililosagika, na vipande vya chuma vyembamba kama kucha zilizokatwa.

"Kila siku saa tisa alasiri anaondoka," alisema mpwa. "Mwili unabaki, lakini mwenyewe hayupo, ukimwangalia unajua. Akirudi, nyayo zimejaa vumbi. Mwanzoni nilidhani nimechanganyikiwa kwa kukosa usingizi, nikaanza kuweka ninachokitoa. Hivi vyuma nilivitoa kwenye kisigino chake Alhamisi. Damu ilitoka, dada. Alilia bila sauti."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Watasema namroga." Alirudisha kila kitu ndani ya kopo, punje kwa punje. "Daktari anashangaa kwa nini anakonda na chakula anakula. Mimi najua kwa nini. Huwezi kumtembeza mtu mgonjwa mji mzima kila siku."

Karani alitazama saa yake. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Angeweza kuondoka, na maisha yake yote baadaye alijua kwamba angeweza kuondoka. Lakini alikuwa na hulka yake ile ya kutaka kuona.

Mpwa alileta beseni, akaziosha nyayo za mgonjwa kwa sifongo na kuzikausha mpaka katikati ya vidole, Karani akitazama. Zilikuwa safi kama za mtoto mchanga. "Shika mguu mmoja," alisema mpwa. "Usiuachie, ili usije ukasema nimeuchafua mimi."

Karani aliushika wayo wa kushoto kwa mikono miwili. Ulikuwa mkavu, wenye joto la kawaida. Nje mtu alikuwa akipigilia misumari, na redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo. Pumzi za Mama Milango zikawa ndefu, kisha ndefu zaidi, na macho yake yakabaki wazi kama madirisha ya nyumba ambayo wenyewe wamehama. Joto la mguu lilianza kushuka. Karani alipiga mwayo.

Alipoufunga mdomo, redio ilikuwa kimya. Misumari ilikuwa imekwisha. Mpwa alikuwa amesimama kwenye kona ya mbali kabisa ya chumba, mgongo ukutani, mikono mdomoni.

"Nini?" Karani aliuliza.

"Umekaa dakika arobaini," alisema mpwa. "Macho wazi. Nilikuita, hukuitika. Nilikuwa na wawili humu ndani, na nilikuwa peke yangu."

"Nimepiga mwayo tu..." Karani alisema, kisha akahisi kitu kikikwaruza viganjani mwake. Alifungua mikono. Wayo ulikuwa mweupe kutoka vidoleni mpaka kisiginoni, mweupe wa unga, na unga ule ulikuwa umejaa kwenye mistari ya viganja vyake pia.

Mpwa alichovya kitambaa na kuanza kufuta. Maji yalipogusa ule unga, yalitoa sauti ndogo ya kuchemka, na mpwa akavuta vidole. "Unachoma huu. Ni siku ya tatu anarudi nao. Hajawahi kwenda mahali pamoja siku tatu mfululizo. Sijui, labda hawamfungulii."

Karani alinusa kiganja. Alizaliwa mji ule ule, na harufu ile aliijua. "Ni chokaa," alisema.

Mji ulikuwa na tanuri moja tu la chokaa, ng'ambo ya bonde, ambako miti na mapaa yalikuwa meupe mwaka mzima. Katika fomu kumi na moja, hakuna familia iliyoishi kule. Karani alitoka mbio mpaka kwa dereva, aliyekuwa amejilaza kitini, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Tanuri la chokaa," alimwambia. "Haraka."

"Tunamtafuta nani?"

"Sijui."

Dereva alimtazama, akaona uso wake, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja akawasha gari bila kutia neno.

Nyuma ya tanuri kulikuwa na safu ya vyumba vya mabati walimokaa vibarua. Tanuri lilikuwa limesimama kwa matengenezo mwezi ule, na vyumba vingi vilikuwa na kufuli. Upepo uliinua vumbi jeupe na kulilaza tena. Karani alipita mlango mmoja baada ya mwingine akigonga, na kelele za bati zilikuwa zikimrudia. Chumba cha mwisho hakikuwa na kufuli kwa nje. Aligonga. Kimya. Aligonga tena, akasema yeye ni mama wa ofisi ya ustawi, hana ubaya.

Komeo likasogea. Mtoto wa kike wa miaka sita au saba alisimama mlangoni, kichanga mgongoni amekifunga kwa kitenge kikubwa kuliko yeye. Alimkagua Karani kuanzia kichwani taratibu mpaka chini, na macho yake yakagota miguuni.

"Sasa umevaa viatu," alisema mtoto.

Karani aliviangalia viatu vyake. "Nani, mimi?"

"Ndiyo. Ulipokuja saa ile na yule bibi mwenye kibegi hamkuwa na viatu. Wote wawili." Mtoto alisema hivyo bila kushangaa, kama anayetaja rangi ya gauni. "Mama aliniambia nisimfungulie mtu. Yule bibi amekuja jana na juzi, nikamkatalia. Leo wewe ukasema unakwenda kuleta gari, ndipo nifungue. Umelileta?"

Nyuma ya Karani, dereva alirudi hatua moja. "Dada," alinong'ona, "saa ile ulikuwa ndani ya nyumba ya mgonjwa. Nilikuwa nje hapo hapo. Hukutoka."

"Nimelileta," Karani alimjibu mtoto. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

Mama yao alikuwa kwenye mkeka, uso umeelekea ukutani. Alikuwa amejifungua wiki mbili zilizopita. Mwili wake ulikuwa unawaka kwa homa na shuka lililokuwa chini yake lilikuwa halitazamiki. Alipoguswa alitamka jina la mtu ambaye hakuwepo. Kando yake palikuwa na ndoo iliyobaki maji ya kidole kimoja, na kikombe ambacho mtoto alikuwa akikitumia kumnywesha. Ilikuwa siku ya nne tangu mama ashindwe kuinuka, mtoto alisema. Alikuwa akihesabu kwa kuchora ukutani kwa kipande cha chokaa.

Dereva alimbeba yule mwanamke peke yake. Barabarani aliikandamiza honi bila kuiachia, na watu walilipisha njia gari lile bovu kama msafara wa rais.

Hospitalini daktari alisema uchafu ulikuwa umeingia kwenye damu, na kwamba wangemleta kesho asubuhi ingekuwa habari nyingine. Kichanga kilipewa maziwa, kikanyonya huku kikipiga mateke. Karani aliketi kwenye benchi la ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya kijani. Yule mtoto mkubwa alikuwa amelala, kichwa mapajani mwake. Miguu ilikuwa inamuuma. Aliinama, akavua kiatu cha kulia, kisha soksi.

Soksi ilikuwa safi kwa nje. Ndani, wayo wake ulikuwa mweupe wote, na kwenye kidole gumba kulikuwa na mchubuko mpya, kama wa mtu aliyejikwaa jiwe.

Aliirudisha soksi haraka kabla mtu hajaona. Usiku hakulala, na siku tatu zilizofuata miguu yake haikupata joto hata alipoichovya kwenye maji ya moto. Alichokumbuka hakikuwa ndoto wala safari. Alikumbuka uchovu tu. Ulikuwa uchovu mzito usiokuwa wake, wa mtu anayetembea huku akijua kwamba akisimama kuna mlango utabaki haujabishwa.

Siku ya nne alimwendea mkuu wa ofisi, akamweleza kila kitu. Alitarajia kuchekwa. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho huku akizungusha kalamu, kisha akainuka akafunga mlango.

"Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo," alisema, bila kufafanua. "Sasa unatakaje? Utaratibu unasema anayetunukiwa awepo ukumbini."

"Ukumbi umfuate yeye."

"Na tukishamkabidhi hiyo tuzo, ataacha?"

"Si kwa tuzo," alisema Karani. "Tukimpongeza tu ataona tunamhimiza. Inabidi asikie kazi yake imechukuliwa."

Wiki ile yote alizunguka nyumba kumi na moja kwa miguu. Hakuuliza swali la saba wala la nane. Aliwaambia alichokiona, na hakuna aliyepinga. Wengine walishusha pumzi kama waliotuliwa gunia. Mwanamke aliyefua nguo za watu alisema yeye humsikia Mama Milango akikohoa mlangoni, kikohozi ambacho hakuwa nacho zamani, na humwonea huruma mpaka anatamani asije. Lakini asipokuja, alisema, nani atagundua?

"Ndicho ninachokuulizeni," alijibu Karani. "Nani?"

Jumamosi asubuhi walijaa kwenye ule ua mdogo mpaka wengine wakasimama barabarani. Viti vya plastiki viliazimwa huku na kule. Mkuu alikuja na ngao ya mbao na hotuba ya kurasa nne, akasoma mstari wa kwanza, akaziona nyuso zilizomzunguka, akazikunja zile kurasa. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa ili kielekee mlangoni. Mpwa alikuwa amemvisha mama yake mkubwa gauni la rangi ya zambarau na kumsuka nywele. Mgonjwa alikuwa amekonda kiasi kwamba gauni lilionekana limetandikwa tu kitandani.

Karani alisimama karibu na miguu ya kitanda. "Mama," alisema, "tumekuja kukushukuru, na tumekuja kukupokea mzigo. Sikiliza."

Fundi wa kuchomelea alikuwa wa kwanza. Aliingia kwa upande, akiona aibu kwa ukubwa wake. "Mama Milango, nyumba ya ngazi ya chuma na ile ya wale yatima watatu, hizo nimezichukua mimi. Kila Jumanne. Nikidanganya, mapacha wangu wataniumbua."

Bibi mshonaji alisema sare za watoto wa mtaa wa chini ziko mikononi mwake, na wale wanaotoroka darasani atawavuta masikio kama Mama Milango mwenyewe alivyokuwa akifanya. Watu wakacheka, wakanyamaza upesi. Mfuaji nguo alichukua nyumba mbili zilizo njiani kwake. Kijana kinyozi, ambaye zamani alijificha chini ya kitanda, alichukua moja, kisha akarudi akaongeza nyingine. Wakapita wote kumi na mmoja. Kila mmoja alitaja mlango, siku, na watoto waliomo.

Macho ya Mama Milango yalimfuata kila mtu, anapoingia na anapotoka. Wa mwisho alipomaliza, watu walingoja. Hakuna aliyejua wanangoja nini. Kisha chumba kikaanza kuwa baridi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limefika mpaka juu ya shuka, na watu walianza kujikunyata. Pumzi za mgonjwa zilirefuka. Mpwa alitoa sauti ndogo. Karani aliutazama wayo wa kushoto na kuona kidole gumba kikijikunja, kikijinyoosha, kama cha mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda.

"Bado," mpwa alisema. "Anaondoka. Kuna nyumba hatujaitaja!"

Watu waliangaliana, wakanong'onezana, wakahesabu kwa vidole. Zote zilikuwa zimetajwa. Na hapo Karani akaelewa, kwa sababu aliwahi kuubeba ule uchovu, hata kama ni kwa dakika arobaini. Aliinama mpaka mdomo wake ukafika karibu na sikio la mgonjwa. Alijua anachokisema hataweza kukirudisha.

"Na zile tusizozijua," alisema. "Zile ambazo hakuna aliyetuambia. Nitazitafuta mimi. Kwa miguu yangu mwenyewe, Mama, na viatu nimevaa. Nitabisha kila mlango."

"Tutazitafuta," alisema mkuu nyuma yake.

Kidole kilitulia. Macho yaliyokuwa yameanza kufifia yalirudi, yakamtazama Karani usoni kwa muda mrefu, yakimpima, kama alivyozoea yeye kuwapima watu. Mdomo uliokufa upande mmoja ulijikusanya. Katika miezi minane hapakutoka neno hapo.

"Haya," alisema Mama Milango.

Akafumba macho, akalala usingizi wa kawaida, wa kukoroma. Mpwa alikaa chini sakafuni palepale na kulia, na mfuaji nguo akamlaza kichwa begani.

Kuanzia siku ile nyayo zake zilibaki safi. Saa tisa ilikuja na kupita. Alinenepa kidogo, akaanza kutikisa mkono mmoja, na akapata maneno mengine machache, mengi yakiwa ya kumgombeza mpwa wake kwa kutokula. Majirani walipeana zamu za kumhudumia, na mpwa akarudi kwenye mafunzo ya ufundi cherehani aliyokuwa ameyaacha. Mama Milango aliishi miezi mitano zaidi. Alifariki asubuhi moja akichanwa nywele, katikati ya sentensi ya mtu mwingine.

Karani aliacha kuitwa Muhuri, maana mezani haonekani. Alasiri anakuwa mitaani na daftari lake, dereva akimfuata kwa gari polepole, akilalamika kwamba kiatu kinakwisha kabla ya tairi. Hajawahi kumweleza mtu yeyote jinsi anavyoogopa kupiga mwayo saa tisa.

Mama wa watoto wa tanurini alikaa wodini wiki sita. Muhula ulipofunguliwa bado hakuwa na nguvu za kutembea mbali, kwa hiyo Karani ndiye aliyempeleka binti yake mkubwa kuandikishwa. Walipanga foleni tangu saa moja. Mwalimu aliandika jina la mtoto, umri wa mtoto, kisha akainua kalamu.

"Na wewe ni nani wake?"

Karani alifungua mdomo. Alikuwa amejaza maelfu ya fomu katika maisha yake, na hakujua aandikwe nini.

"Ni mama mdogo," alisema mtoto. Mwalimu akaandika hivyo, akawaambia wasogee, wapo wengine nyuma.